Runinga Mpya Upande wa Dirisha

Jambo lenyewe lilianza na maandishi. Shemeji yangu anayefanya kazi ng'ambo alikuja likizo akatuletea mashine mpya ya gemu, maana ile ya zamani ilikuwa imechoka hadi feni yake inanguruma kama posho mill ya kusagia mahindi. Tuliichomeka kwenye runinga yetu ileile ya inchi thelathini na mbili, na picha ikaja. Lakini gemu za siku hizi zimetengenezewa watu wenye runinga za siku hizi. Maandishi yalitokea madogo kama mbegu za mchicha, tena yamefifia pembeni.

Mimi hayakunisumbua. Mimi ni mtu wa mpira, na mpira hausomwi. Aliyeumia ni mke wangu. Yeye ni mwalimu, na akishamaliza kusahihisha vitabu vya wanafunzi hupenda zile gemu za hadithi, ambazo mtu anatembea porini akiokota barua na kubishana na wachawi. Kila barua ilimlazimu ainuke kwenye kochi, apige magoti mbele ya kioo, asome, kisha arudi kukaa. Jumapili moja alipiga magoti na hakurudi. Alibaki palepale sakafuni, padi ya kuchezea gemu mkononi.

"Mzee, hii TV imezeeka," akasema.

"Macho ndiyo yamezeeka. Vaa miwani."

"Nimevaa."

Na kweli alikuwa ameivaa. Nadhani alitarajia nilie kuhusu pesa, kama kawaida yangu, lakini bonasi ya majani chai ilikuwa imeingia na duka langu la vifaa vya ujenzi pale Keumbu lilikuwa linasukuma siku. Pesa ilikuwepo. Kilichonizuia ni ukuta, na yeye alijua hivyo, ndiyo maana hakunisukuma zaidi.

Nieleze sebule yetu. Tulijenga ndani ya boma la baba yangu, upande wa Birongo, na mimi mwenyewe ndiye niliyesimamia fundi, kwa hiyo makosa yote ni yangu. Ukuta wa ndani una milango miwili, wa jikoni na wa stoo, na katikati yake pamebaki nafasi nyembamba. Hapo ndipo runinga ya zamani ilikuwa imekaa juu ya kimeza chake. Ukuta unaoutazama huo ndio wenye dirisha la mbele, na kochi limesukumwa hadi karibu liguse dirisha. Ukikaa kutazama runinga, dirisha linakuwa mgongoni mwako. Runinga kubwa haiwezi kuingia kati ya milango ile miwili. Ingebidi itundikwe ukuta wa mbele, ubavuni mwa dirisha, na kochi ligeuzwe.

Nje ya dirisha hilo kuna benchi. Ndilo lililokuwa la baba.

Kwetu sisi Wagusii, mwanamume akishaoa na kujenga, baba yake haingii nyumbani mwake. Hakuna ugomvi hapo. Ni heshima, tunaiita chinsoni, na inamfunga mzazi kama inavyomfunga mtoto. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, Msabato wa kweli, na kuna mila nyingi alizoziacha akisema ni za giza. Hii hakuiacha. Siku nilipougua homa ya matumbo nikashindwa kuinuka, alisimama nje akaniombea kupitia kwenye wavu wa mbu, sala ndefu, mvua ikimnyeshea kofia. Mke wangu alimtolea mwavuli. Aliupokea akamshukuru, lakini kizingiti hakukivuka.

Runinga na mashine ya gemu ziliponunuliwa mara ya kwanza, alilaumu. Alisema mtu mzima na ndevu zake anachezaje vitu vya watoto. Ikafika Jumapili moja akapita akielekea shambani, akasikia mtangazaji wa ile gemu akipayuka, akasimama dirishani. Aliuliza ni timu gani zinacheza. Nilimweleza kwamba si mpira wa kweli, ni mimi ninayewaendesha wale wachezaji kwa vidole. Alifikiri kidogo.

"Basi kama ni wewe unawaendesha," akasema, "mbona wanakimbia ovyo hivyo?"

Tangu siku hiyo akawa mgeni wangu wa Jumapili. Ijumaa jua likishuka runinga ilifunikwa kitambaa alichokifuma mama, ikabaki hivyo hadi Sabato iishe, lakini Jumapili mchana, baada ya chakula, nilisikia fimbo yake ikigonga saruji, kisha benchi likilia. Nililitengeneza benchi lenyewe kwa mbao zilizobaki dukani, nikaongeza mabati mawili juu ya dirisha ili mvua isimfikie. Mvua ya kwetu huja mchana, unajua. Alikaa pale, uso karibu na wavu, na mimi nikakaa kwenye kochi, kisogo changu kwake. Tulikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kunyoosha mkono nyuma na kugusa nondo za dirisha.

Kila mara aliuliza swali lilelile kwanza: "Wewe ni wepi?"

"Weupe, tata." Ndivyo tunavyomwita baba kwetu.

Niliwavalisha wachezaji wangu jezi nyeupe kwa ajili yake, awatofautishe. Kisha akaanza kuwafokea. Huyu amelala, yule anaringa, kipa anangoja kuletewa chai. Mke wangu alicheka jikoni mpaka akakaa chini.

Lakini haikuwa mizaha tu. Mtu na baba yake, kwetu, kuna mambo hawaambiani macho kwa macho. Mgongo wangu ulituruhusu kuyasema. Mwaka ambao mimba yetu ya kwanza iliharibika, watu walikuja na maneno yao mazuri, na yeye hakuja. Nilikasirika naye. Jumapili ilipofika niliwasha gemu ili tu nisiongee na mtu, na nikasikia fimbo. Kipindi cha kwanza kikapita. Kisha akasema nyuma yangu, kwa sauti ya chini:

"Mimi na mama yako tulizika mmoja kabla yako. Alikuwa wa kike."

Sikuwahi kujua. Nilitaka kugeuka, na nadhani aliliona hilo shingoni mwangu kabla sijageuka.

"Angalia mpira," akasema. "Wanakuja upande wako."

Nikaangalia mpira. Sikuona kitu, machozi yalikuwa yamejaa, na tukafungwa bao, na kwa mara ya kwanza hakuwafokea wachezaji wangu.

Figo ndizo zilizomchukua. Aliporudishwa kutoka hospitalini mara ya mwisho aliomba apelekwe benchini kabla ya kupelekwa kitandani kwake, na tukamkalisha pale amefunikwa blanketi. Nilicheza vibaya. Aliuliza mimi ni wepi, nikamwambia weupe. Wiki haikwisha. Tulimzika upande wa migomba, kaburi linaonekana ukiwa kwenye mlango wa jikoni, na benchi likabaki lilipo. Kuku walianza kulilalia. Hakuna aliyethubutu kuliondoa, na mimi nikaendelea kuwavalisha wachezaji wangu nyeupe bila kujua namvalishia nani.

Kwa hiyo, mke wangu aliposema runinga imezeeka, hilo ndilo lililokuwa mbele yangu. Kuigeuza sebule kulikuwa kumwambia baba kwamba hana haja ya kuja tena. Mtu anaweza kujua kwamba fulani amekufa, akamzika kwa mikono yake, na bado asitake kumfungia dirisha.

Hata hivyo nilienda mjini Kisii. Nilijiambia naenda kutazama tu. Kijana wa duka la runinga alinipokea kwa Kiswahili cha Nairobi, ingawa lafudhi yake ilikuwa ya huku huku kwetu.

"Boss, unatumia kwa nini? Movie ama gemu?"

"Gemu."

"Basi chukua 4K. Ukicheza gemu kwa hii, hutarudi nyuma. Utaona mpaka jasho ya mchezaji." Akaniwashia moja kubwa. Nyasi za uwanja zilionekana jani kwa jani. Akaeleza kwamba picha ya runinga yoyote ni vijimraba vidogo vidogo, na kadiri vijimraba vinavyokuwa vingi ndivyo picha inavyokuwa safi. "Lakini distance ni muhimu. Mnakaa mbali kiasi gani?"

Nilimweleza kochi lilipo. Kisha, sijui kwa nini, nikaongeza: "Na mmoja hukaa nje, dirishani. Anatazama kupitia wavu wa mbu."

Alinitazama aone kama natania. "Huyo wa nje, boss, hata umwekee 8K hataona kitu. Wavu itamharibia yote. Mwambie aingie ndani."

Nilimwambia hawezi kuingia ndani. Nikamshukuru, nikatoka bila kununua, na njia nzima hadi Keumbu nilikuwa na hasira na kijana ambaye hakuwa amenikosea lolote.

Siku iliyofuata nilichukua futi yangu ya dukani nikaanza kupima ukuta wa dirisha. Nilipima, nikaacha, nikapima tena, kama fundi anayetafuta sababu ya kuikataa kazi. Mama alinikuta hapo. Mama huingia kwangu, ila hapiti sebuleni, na siku hiyo alikuwa ameleta beseni la chinsaga, zile mboga zetu chungu, amempelekea mke wangu jikoni. Alisimama kwenye mlango wa jikoni akaniuliza napima nini.

Nilimwambia. Nilieleza runinga, maandishi, kochi kugeuzwa. Kisha nikafika kwenye benchi. "Kwa sababu tata," nikasema, "akitaka kutazama mpira..." na hapo nikanyamaza, mtu mzima na futi mkononi.

Mama alikuja akaketi kwenye kochi, jambo ambalo halifanyi.

"Mpira gani?" akasema. "Baba yako alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mbali haoni. Hata kanisani mimi ndiye niliyekuwa namwambia ni nani anahubiri."

"Lakini alikuwa anawafokea wachezaji."

"Alimsikia yule mtu wa kelele anasema nini, na yeye anasema. Hukumsikia kila mara akikuuliza wewe ni wepi?"

Nilikaa chini. Nilimuuliza, kama hakuwa anauona mpira, kilichokuwa kinamleta kila Jumapili ni nini.

"Ulikuwa unakaa hapa," akasema, akaigonga sehemu ya kochi iliyo chini ya dirisha. "Karibu alikuwa anaona. Akirudi nyumbani hakuwa ananiambia nani amefunga. Alikuwa ananiambia: leo mtoto amenyoa. Au leo shingo imeisha kwa kukonda, sijui duka linamsumbua, sijui halali. Wakati ule mlipopoteza mtoto aliniambia, anajikaza lakini mabega yanatetemeka. Siku ile alipotoka hospitali, tulipomlaza, aliniambia umeanza kuota mvi kisogoni. Ilimuuma. Alisema, kumbe na huyu naye anazeeka, na mimi sijawahi kumshika kichwa tangu alipotahiriwa."

Aliinuka, akachukua beseni lake jikoni, akaenda zake. Mke wangu alikuwa amesimama kule, na fungu la chinsaga mkononi. Mimi nilibaki nimeshika kisogo changu kama mtu aliyepigwa.

Tulinunua runinga. Ningependa kusema niliamua kwa moyo mweupe, lakini nilichoka tu, na mke wangu alikuwa na haki ya kusoma barua zake akiwa amekaa. Fundi alikuja akatoboa ukuta ubavuni mwa dirisha, akaitundika, tukaligeuza kochi. Kile kitambaa cha mama hakikutosha tena kuifunika. Ameanza kufuma kingine.

Jumapili ya kwanza nilimwachia mke wangu awe wa kwanza. Alisoma barua zote za yule mtu wa porini kwa sauti, kwa furaha, kama anawasomea wanafunzi wake. Kisha akanipa padi, na tukaweka mpira. Nikachagua nyeupe.

Picha ilikuwa safi kama yule kijana alivyoahidi. Lakini kuna jambo ambalo sikulipima na futi. Sasa kochi linatazama dirisha. Kila nilipoinua macho kutoka uwanjani niliona wavu wa mbu, na nyuma ya wavu, benchi, na kuku mmoja amelilalia, na mvua inaanza. Miaka yote ile nilikuwa nimempa kisogo na yeye yuko. Leo nimemgeukia uso, na hayupo.

Nikasimamisha mchezo. Mke wangu akauliza kama picha ina shida.

"Picha haina shida," nikasema. "Hebu niangalie kisogo. Mvi zimefika wapi?"

Alisimama, akaja nyuma ya kochi, mahali ambapo sasa hakuna dirisha, akanishika kichwa kwa mikono miwili na kukiinamisha kwenye mwanga.

"Zimeshuka hadi shingoni," akasema.

Nililia hapo, mbele ya benchi, na yeye hakuniachia kichwa.