Mlango wa Kuogea

Chini kabisa ya mgodi uliokwisha madini, wasomi walikuwa wameweka tangi gizani, wakisubiri chembe ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Hupenya mwamba, hupenya mtu, haigusi kitu. Siku ikijikwaa ndani ya tangi itatoa mwanga mdogo kama cheche, basi. Shida ni kwamba vumbi nalo hutoa cheche zake. Ndiyo maana kila anayeingia sharti aoge na kuvaa ovaroli safi, na mlango huo wa kuogea ulishikwa na mwanamke ambaye vijana wa maabara walimwita Shangazi.

Shule hakuisogelea. Mume alimkimbia, na wifi yake hakuchoka kumchoma: "Wenzio wanalinda benki, wewe unalinda kitu kisichoonekana."

"Na kaka yako je, wifi? Haonekani miaka nenda rudi, na bado unaniambia nimsubiri."

Mwaka uliopita tangi lilitoa cheche. Watu wakakumbatiana, mkuu wa maabara akatangaza redioni. Kumbe vumbi. Mkuu mwenyewe ndiye aliyepitisha wageni na viatu vyao, lakini kikaoni lawama zikamwangukia Shangazi, eti hakusugua sakafu. Akasimamishwa kazi mpaka mvua zikaisha. Donge lile halikumshuka.

Leo mkuu amekuja na wageni wengine, suti zimenyooka.

"Fungua, Shangazi, tuna haraka."

"Mabafu yale pale, baba. Taulo zimekauka."

"Hawa ni watu wakubwa."

"Sabuni ipo ya kuwatosha."

Mgeni mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mkuu akasogea, akashusha sauti. "Unaitaka kazi au huitaki?"

"Naitaka sana. Mara ile ulipita, nikaadhibiwa mimi. Safari hii niadhibu kwa kukuzuia, angalau nitajua nimekosa nini."

Akavuta kiti, akakaa katikati ya mlango, mikono kifuani.

Mgeni mmoja, mama wa makamo kama yeye, akainama kufungua kamba za viatu. Wengine wakamfuata. Mkuu alibaki amesimama peke yake, kisha akaingia bafuni akisonya.

Alipotoka na taulo kiunoni, Shangazi alimpa ovaroli. Miguu ya ovaroli iliishia juu ya vifundo vyake.

"Hakuna kubwa zaidi?"

"Zipo. Za wageni."

Akasogeza kiti, akampisha.