Siku Niliyosogeza Alama ya Fundi Bakari

Mpaka leo nikipita ile mitaa ya Chuno naweka simu sikioni na kujifanya naongea, wakati hakuna aliyenipigia, maana kuna akina mama pale wakiniona tu wanauliza kama kanzu imeshashonwa. Nawasimulia mwenyewe kwa sababu mtaisikia tu, na wao wanatia chumvi.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimelima tumbaku Songea, nimeuza mitumba Tunduru, Tanga nimekaa miaka minne sijui nilikuwa nafanya nini, na kote huko nilikuwa naota kitu kimoja, mlio wa pikipiki ya marehemu baba, ile ya Kijapani ya zamani aliyokuwa akizungukia vijiji vya mikorosho. Nilipoondoka nilimwachia rafiki yangu Bakari, fundi, nikamwambia narudi baada ya mwezi (nilirudi baada ya miaka kumi na moja). Nikaikuta inang'aa kuliko nilivyoiacha, na mtaa mzima unaiita pikipiki ya Bakari. Hilo ningelimeza. Lakini dada yangu Somoe alikuwa anamtengea Bakari chai kabla yangu, na binti yake Zuhura, aliyekuwa anaolewa wiki ile, alikuwa anamwita Mjomba Bakari, na mimi mjomba wa damu nikawa "mjomba yule aliyekuja".

Sasa kwetu bibi harusi hatoki nyumbani mpaka mjomba wake amtoe, na katika ukoo wetu hutolewa kwa pikipiki hiyohiyo. Siku mbili kabla, Somoe akaniambia kwa upole, "Kaka, naona Bakari ndiye ampakie Zuhura. Yeye anaijua. Wewe utamkabidhi kwa maneno."

"Kwani Bakari mmezaliwa naye tumbo moja?"

"Haya, mpakie wewe. Ila usituaibishe."

Nikaijaribu barabara ya Mikindani. Ikisimama inaunguruma vizuri, lakini ukiivutia mafuta kwenye kilima inaishiwa nguvu, inachemka, bomba linapiga risasi. Nikampelekea Bakari shingo upande. Akafungua kifuniko cha pembeni, akapenyeza karatasi ya sigara kwenye platini, kile kidude kinachoachia moto wa plagi, akaizungusha injini polepole kwa mkono, akaona karatasi inaachia pale pale inapotakiwa.

"Ikizunguka polepole moto uko sawa, Shaibu," akasema. "Ubaya uko ikikimbia. Humu nyuma kuna vyuma viwili, injini ikienda kasi vinatakiwa vifunguke ili moto uwahi. Vimeganda kwa grisi ya zamani. Jumatatu nitavitoa nivioshe. Wewe mpakie binti taratibu tu, na hii alama usiiguse."

Alama yenyewe ni mkwaruzo wa patasi pembeni ya kisahani kinachoshika platini. Mimi sikusikia habari ya vyuma wala grisi, nilisikia usiiguse. Naambiwa nisiguse pikipiki ya baba yangu.

Asubuhi ya harusi nikaiwasha, nikalegeza skrubu mbili ikiwa inaunguruma, nikakizungusha kile kisahani ili moto uwahi, kidogo, tena kidogo, alama nikaiacha mbali, mpaka injini ikaimba. Nikapanda nayo kilima kama upepo (nilijiona nimezaliwa fundi, ila dunia ilichelewa kujua). Nikarudi nyumbani nayo, nikaegesha katikati ya wageni bila kuizima, ili Bakari asikie.

Akainamisha kichwa. "Umeigusa."

"Isikilize mwenyewe."

"Naisikia. Basi usiizime."

Nikaizima palepale. Sina maelezo mengine, ni kwa sababu yeye kasema.

Dua ikasomwa, Zuhura akasimama pembeni na hina yake na shela, nikakusanya kanzu, nikapiga kiki. Jambo ambalo sikuwaza ni kwamba kwenye kiki injini inazunguka polepole, na moto niliouwahisha ulikuwa unaikuta pistoni bado inapanda, unairudisha chini. Pedali ikanirudi kama teke la punda. Nikasema ni bahati mbaya, watu wanatazama, nikapiga tena kwa nguvu zote, na safari hii pindo la kanzu lilikuwa limenasa kwenye pedali. Ikanirusha upande wa pili, nikakaa kwenye sinia la vitumbua, na kanzu ikachanika mpaka kiunoni. Ndani nilikuwa nimevaa bukta ya mpira.

"Mjomba kaja kufanya mazoezi," akasema mama mmoja, vigelegele vikakatika, kikabaki kicheko.

Bakari hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akapiga magoti na suruali yake ya harusi, akatoa bisibisi mfukoni (fundi gani anakwenda harusini na bisibisi?), akakirudisha kisahani.

"Haya, alama yako imeshinda," nikamwambia chinichini.

Akanitazama kama mtu asiyeelewa. "Yangu? Hii kaipiga baba yako, mimi nimesimama hapo. Akasema moto wa pikipiki hii uko hapa. Mimi nimeilinda tu, Shaibu."

Kiki moja, ikawaka.

Zuhura alikuwa ananitazama mimi, si Bakari. Bila mjomba kusema, hatoki. Nikasimama nimeshika kanzu kwa nyuma, nikamwambia, "Panda, mwanangu. Mjomba wako Bakari atakutoa."

Wakaenda taratibu. Mimi nikawafuata mpaka Mikindani, kwa bwana harusi, kwenye bajaji, katikati ya mikeka, nimejifunga kanga ya Somoe ambayo jina lake lilikuwa linahusu wenye wivu, na Somoe anaapa hakuichagua makusudi.

Jumatatu nilikwenda kuosha vile vyuma kwa mafuta ya taa, Bakari akinielekeza. Sasa inapanda kilima vizuri. Bado inaitwa pikipiki ya Bakari, na kila nikisikia moyo unachoma. Unachoma, lakini nimeapa mkono wenye wivu haushiki bisibisi tena, na siku hizi nikivaa kanzu navaa na suruali.