Swali la Nekesa na Punje Zilizomwagika

Nakumbuka Jumanne moja mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mwanangu, nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja karibu na Misikhu. Nilikuwa mtoto wa wakulima wa Kitale, nimetoka chuoni juzi tu, na nikishika chaki najiona nimemaliza elimu yote. Siku hiyo nilikuwa nikifundisha kidato cha nne kalkulasi, ile hesabu ya vitu vinavyobadilika: jinsi ya kujua mstari uliopinda umeinama kiasi gani mahali pamoja tu. Unachukua hatua ndogo sana, unagawanya kimo ulichopanda kwa hatua hiyo, kisha mwishoni unaitupa kwa kuwa ni ndogo mno. Jibu linatoka safi. Nilijaza ubao mzima, nikapangusa mikono.

Msichana wa dawati la nyuma, Nekesa, akainua mkono. Mama yake aliuza mahindi sokoni Misikhu, akiyapima kwa ule mkebe tunaouita gorogoro.

"Mwalimu, hiyo kidogo ni sifuri ama si sifuri?" aliuliza. "Kama ni sifuri, si ulitukataza kugawanya na sifuri? Na kama si sifuri, mbona tunaitupa? Kwetu sokoni punje zenye zinamwagika ni kidogo tu, lakini jioni mama akifagia, zinajaza gorogoro."

Sote tuliimba haba na haba hujaza kibaba tangu darasa la kwanza. Yeye peke yake ndiye aliyeiamini methali hiyo mpaka mbele ya ubao.

Mwanangu, swali hilo sikuwahi kujiuliza. Lakini kijana mwenye shahada mpya huona kusema "sijui" ni kama kuvuliwa nguo hadharani. Nikamwambia, "Hapa si sokoni. Fuata kanuni, na kama hutaki, rudi ukamsaidie mama kufagia mahindi." Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Nekesa akakaa, akafunga daftari lake polepole.

Jumatatu iliyofuata dawati lake lilikuwa tupu. Wiki mbili zikapita, bado tupu.

Mwisho wa mwezi nilikwenda nyumbani Kitale, nikapita kumwamkia Mwalimu Barasa, mzee mstaafu aliyenifundisha hesabu nikiwa mvulana. Nilimkuta akipalilia sukuma wiki. Nikamsimulia kisa kile kama kichekesho. Hakucheka. Aliweka jembe chini.

"Hiyo hesabu ilibuniwa na watu wawili huko Ulaya," alisema, "Mwingereza na Mjerumani, kila mtu kivyake, wakagombania sifa mpaka kaburini. Walipiga hesabu ya mwendo wa sayari, lakini hiyo kidogo haikuelezeka vizuri. Baadaye mtu wa kanisa akauliza kama huyo msichana: iko ama haiko? Wasomi wakababaika zaidi ya miaka mia. Mpaka wengine wakatulia, wakasema: usiniulize kama ni sifuri. Niambie unataka tukaribie jibu kiasi gani, nami nitakupa hatua ndogo ya kutosha. Ukitaka punje za kufagiwa jioni zisijaze hata kijiko, nitakupa. Ukitaka zisifike punje moja, nitakupa pia. Hilo ndilo jibu, kijana. Swali lililowatoa wakubwa jasho limekujia kutoka dawati la nyuma, nawe ukalifukuza. Ati wewe ni mwalimu?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nikasema nitamtafuta Nekesa nimwombe msamaha faraghani.

"Si ulimcheka mbele ya watu?" akaniuliza, na akashika jembe lake tena.

Siku ya soko nikaenda Misikhu. Nekesa alikuwa nyuma ya gunia, anapima. Nilimwambia mama yake, majirani wakisikia, kwamba kosa lilikuwa langu, na nikaeleza nilivyosema. Mama aligeuka akamtazama binti yake.

"Aliniambia tu amechoka na shule," akasema. "Hakuniambia ulimcheka, Mwalimu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko ya Mzee Barasa. Mtoto niliyemwaibisha alikuwa ameificha aibu yangu.

Nekesa alirudi. Nilisimama mbele ya darasa, nikasema kwamba sikujua, na kwamba nilicheka ili kuficha kutojua kwangu. Kisha nikawapa jibu la mzee. Nekesa aliandika yote, akafanya mtihani, akapita vizuri. Lakini mkono wake, mwanangu, sikuuona ukiinuka tena mpaka alipomaliza shule. Kila nilipouliza, "Kuna swali?" macho yangu yalikwenda dawati la nyuma. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ndiyo maana nakuambia: usione haya kusema hujui. Hata hesabu iliyopima mbingu iliishi miaka mingi bila kujua imesimama juu ya nini, na ilipata msingi kwa sababu mtu aliuliza. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nami nilidhani neno dogo la kejeli ni la kutupa tu.

Mungu akujalie akili ya kuuliza na moyo wa kusikiliza. Na siku mtu mdogo kwako atakapoinua mkono, Mola akufumbue macho uuone, kabla haujashuka.