Aliyeliliwa Akiwa Hai

Wifi yangu Gaudensia Hhando hakuitikia salamu, na kwa hilo aliitwa mchawi. Mimi niliolewa na mdogo wake, marehemu Isidori, na nimefundisha sekondari mpaka nikastaafu. Najua uzito wa shikamoo isiyojibiwa. Lakini habari ilisambaa vibaya, na sipendi wajukuu wangu waiokote barabarani. Naiandika ilivyokuwa.

Gaudensia anaishi peke yake upande wa Masieda, kwenye boma la baba yao. Hakuolewa. Ana ng'ombe wa maziwa, shamba la maharage, na ulimi ambao hata mapadri wameuogopa. Juu ya kijiji chake yapo majengo ya iliyokuwa hospitali ya wakoma. Dawa zilipopatikana wagonjwa wakapungua, wahudumu wakahamishwa, mabati yakang'olewa na watu wasiojulikana ambao kila mtu anawajua. Imebaki wodi moja yenye nusu ya paa na vitanda vilivyoliwa na kutu. Watu hawapendi kupita pale. Gaudensia huenda kila mwaka kabla ya kuvuna. Hufagia wodi, hukaa sakafuni mahali pamoja mpaka jua lishuke, kisha hurudi kukamua.

Mwaka jana Kenneth alimkuta huko. Kenneth ni tabibu wa zahanati ya kijiji, kijana kutoka Morogoro, na starehe yake ni kupiga picha majengo yaliyoachwa. Nimekwisha kumsikiliza, na sina ubaya naye. Hachukui kitu, hasogezi kitanda, haandiki jina lake ukutani kama wengine, na huvua kofia akiingia. Siku hiyo aliingia simu ikiwa inarekodi, akamwona mama mzee ameketi chini, amejifunika shuka.

"Shikamoo, bibi."

Kimya.

"Shikamoo, bibi. Uko salama?"

Gaudensia alimtazama, akageuzia uso ukutani. Kijana akarudi kinyumenyume mpaka nje. Jioni akaiweka ile video kwenye kundi la WhatsApp la kijiji akiuliza kwa nia njema: bibi huyu ni wa nani, na je, anahitaji msaada? Aliyejibu kwanza aliandika kuwa bibi huyo anaongea na wafu. Waliofuata hawakuandika hata sentensi nzima, waliandika neno moja tu: mchawi. Siku chache baadaye ikanyesha mvua ya mawe, ikalaza maharage ya upande mzima, na shamba la Gaudensia likaguswa pembeni tu.

Mwenyekiti wa kijiji, Sylvester, niliyemfundisha mwenyewe, alinipigia simu Mbulu ninakoishi. "Shikamoo, mwalimu. Njoo umchukue wifi yako. Kuna mkutano kesho kutwa, wanataka ahame. Na vijana wanaongea habari ya kuchoma."

Nilipanda pikipiki asubuhi yake. Gaudensia alikuwa uani anapepeta maharage.

"Mwalimu umekuja kwa bodaboda? Na hiyo sketi?"

"Nimekaa upande."

"Afadhali. Leo watakusema wewe, mimi nipumzike."

Nilimwambia awaeleze watu kwa nini huenda kule. Akaendelea kupepeta. "Nilimwahidi Isidori kwamba sitasema. Hajafufuka kunifungua."

Alichoahidi kukificha ni hiki. Kwetu Wairaqw, nyumba iliyofiwa huingia metimani. Wenye msiba hujitenga. Hawaendi sokoni wala kwa jirani, hawapokei salamu wala hawatoi, mpaka wazee wawasafishe. Gaudensia alipokuwa msichana mdogo, na Isidori bado anabebwa mgongoni, mama yao Efrazia alionekana na mabaka ya ukoma akapelekwa kule juu. Baba yao, mzee Hhando, aliogopa. Kama ingejulikana, nani angenywa maziwa ya nyumba hiyo, nani angeoa kwake? Akatangaza kwamba mkewe amefia njiani akienda kujifungua kwao. Nyumba ikaingia metimani. Gaudensia alikuwa amemwona mama yake akiondoka kwa miguu yake, kibuyu cha maziwa mkononi, kisha akaambiwa akae ndani amlilie. Alikaa. Wazee wakaja, wakawasafisha, msiba ukafungwa.

Alipokua alikwenda kuomba kazi ya kupika katika hospitali ile. Watu walisema ni msichana mwenye huruma. Alimlisha mama yake kwa kijiko kwa miaka, kwa sababu vidole vilikuwa vimekwisha, akimwita "bibi" mbele ya wauguzi. Efrazia alipofariki kweli, Gaudensia alishuka nyumbani kuleta habari. Baba yake akamjibu, "Huyo tulishamlilia." Msiba uliofungwa haufunguliwi. Basi yeye hupanda kule juu mwenyewe kila mwaka, hukaa pale kilipokuwa kitanda cha mama yake, na siku hiyo yuko katika metimani. Hawezi kupokea salamu ya mtu yeyote, hata ya tabibu.

Isidori alijua yote alipokuwa mtu mzima, akaomba yaishie kwa dada yake na kwangu. Simlaumu. Kwetu posa ikija, wazee huulizia ukoo mpaka kwenye magonjwa ya mababu, na yeye alikuwa na watoto wa kuoza. Mwaka jana huohuo akina Tluway wa Nangwa walikuwa wameanza kuulizia habari za binti yetu wa mwisho, Agatha, na walikuwa wametuma neno kwamba watakuja.

"Ukisema, wataoa kwetu?" Gaudensia aliniuliza.

"Na usiposema, utalala wapi?"

"Humuhumu. Wakichoma, angalau nitakuwa nimefia nyumbani. Mama hakupata hilo."

Sikulala vizuri kwake usiku ule. Jina la Hhando nimelibeba kwa uangalifu muda mrefu kuliko waliozaliwa nalo. Lakini nilijiuliza ni jina gani hilo litakalobaki safi juu ya majivu ya mtoto wa kwanza wa mzee Hhando. Aliyeahidi ni Gaudensia. Mimi sikuwahi kuahidi, kwa sababu mume wangu hakuona haja ya kuniapisha.

Mkutanoni watu walidhani nimesimama kuomba radhi. Nikasimulia kama nilivyoandika hapa. Nilipofika pale mzee Hhando alipotangaza kifo, mzee Lameck, ambaye maharage yake yote yalikuwa yamelala, alinikata.

"Mwalimu, mtu hafi mara mbili."

"Ndiyo maana hakuliliwa mara ya pili, mzee."

Kenneth alisimama, akaeleza kwamba ukoma una dawa na haurithiwi. Akasema ameifuta ile video, na kwamba angejua asingeingia. Lameck akamwambia, "Kaa, daktari. Hatujauliza dawa." Maana wazee walikwisha kuona kilicho kikubwa kuliko ukoma na mvua ya mawe: mtu amefanyiwa msiba akiwa hai, na mauti yake ya kweli yamekaa wazi juu ya kijiji miaka yote hiyo. Walijitenga pembeni. Gaudensia alikaa kwenye nyasi, hakunitazama. Nilikuwa nimevunja ahadi isiyokuwa yangu.

Waliporudi, Lameck alitoa uamuzi. Gaudensia hana kosa. Lakini metimani ya Efrazia ifanywe sasa, na nyumba nzima ya Hhando. Mpaka itakaposafishwa, tusiende kwa watu na watu wasije kwetu.

"Na wageni wa Nangwa?" nikauliza.

"Wageni wa Nangwa ni watu, mwalimu."

Agatha alikuja kutoka Katesh siku iliyofuata. Nilimweleza habari ya bibi yake mlangoni, kabla hajakaa. Hakulia. Aliuliza tu kama baba yake alijua, nikamwambia ndiyo.

Tukaingia ndani sote watatu tuliobaki katika nyumba hiyo. Asubuhi moja Kenneth aliacha mfuko wa sukari nje ya boma. Akatamka, "Shikamooni," kisha akajiziba mdomo, akaondoka upesi. Gaudensia, ambaye hakuwa amesema nami neno tangu mkutano, alitikisika mabega kwa kicheko. "Anajifunza," alisema. Nikamwambia anyamaze, tuko msibani. Akanijibu kwamba msiba huu ameuzoea kuliko mimi.

Mchana huohuo simu ya Agatha ikaita. Aliigeuza tukaona jina: ni kijana wa akina Tluway wa Nangwa, anayetaka kumposa. Agatha alimtazama shangazi yake, kisha mimi. Gaudensia hakujua kama simu nayo ni salamu. Wazee hawakusema.

Iliita mpaka ikanyamaza. Agatha aliiweka juu ya kinu, kioo kikitazama juu, na hakuna aliyeigusa.