Mtori Wangu Aliula Baba Mtoto

Kliniki pale Moshi mjini mizani iligoma: mwanangu hajaongezeka kitu. Na kosa nalijua. Kila siku mama mkwe ananipikia mtori wa mzazi, supu nzito ya ndizi na nyama, na mimi, kwa hofu ya kunenepa, nampa mume wangu kwa siri, anamaliza sufuria.

"Unakula vizuri?" nesi akauliza.

"Anakula baba yake, dada."

Benchi zima likacheka. Nesi hakucheka. Alinifinya nyama ya nyonga, polepole, kama mtu anayepima kitambaa.

"Haya mafuta unayaona mzigo? Yanatengeneza homoni, inapita kwenye damu mpaka kwenye ubongo, kuuambia akiba ipo. Na mwanamke anayo nyingi kuliko mwanaume, hata mkilingana uzito. Nenda ukale upate maziwa, mtoto anyonye."

Nikajishika nyonga. Jamani, kumbe mwili wangu unaongea na kichwa changu miaka yote hii, na mimi sijasikia neno!

Sasa bakuli nalimaliza mwenyewe, baba mtoto akinitazama kwa huzuni, na juzi mizani imepanda. Mama mkwe anausifu mtori wake. Bahati nzuri hasomi gazeti hili. Nimewaambia ninyi tu. Simwambii mtu mwingine.