Fundi Sikio na Injini ya Kushoto

Watu walimwita Sikio kwa sababu hakuwa na haja ya kufungua kitu ili ajue kinaumwa nini. Gari lilikuwa linakata kona tu kuingia karakana, yeye angali na kikombe cha chai mkononi, na tayari amekwisha sema, "Valvu ya pili hiyo. Mwambieni azime." Wakifungua, kweli, valvu ya pili. Jina likamganda, na ingawa alijidai halipendi, lilimkaa vizuri kama shati la kushonewa.

Injini hizo hizo ndizo zilizomla masikio. Miaka na miaka aliinamia mashine zinazonguruma bila kuvaa vizibo, akisema hivyo ni vya waoga, na kidogo kidogo sauti zikaanza kumkimbia. Zilitangulia zile nyembamba: filimbi, ndege, wajukuu. Kisha maneno yakawa yanamfikia nusunusu, kama redio iliyo mbali na mitambo. Badala ya kusema, akajifunza ujanja. Akawa anawatazama watu mdomoni. Wakicheka, anacheka. Akiulizwa jambo asilolishika, anatikisa kichwa na kujibu, "Sawa, sawa," na kwa kuwa mambo mengi yanajibika hivyo, hakuna aliyemshtukia. Ndivyo alivyodhani.

Aliyefanya naye kazi alikuwa mpwa wake, binti wa marehemu dada yake, mwanamke mzima mwenye watoto wake. Alijifunza kushika spana kwa mjomba huyo, na sasa kazi yake hungeweza kuitofautisha na ya mjomba. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kama ni kasoro: alikuwa mtu wa sauti ndogo.

Ndipo ikaja kazi ya boti. Mwenyewe alikuwa mjane aliyevusha abiria kwa boti yake ya kasi, akaiendesha kwa mkono wake, na kila mtu alimwita Nahodha. Injini zake mbili zilikuwa zimechoka, zinatoa moshi kuliko mwendo. Akapata nyingine mbili za mtumba, akazileta juu ya lori.

"Fundi, nataka hizi zizaliwe upya," alisema. "Nikikwama majini na watu wa watu, ni wewe nitakayekutaja."

"Nitaje tu," akajibu Sikio, ambaye kwa bahati alikuwa amesimama uso kwa uso naye.

Walizifungua hadi ikabaki mifupa. Mpwa alikwangua kutu kwenye njia za maji mpaka kucha zikamwisha. Sikio alipitisha kidole ndani ya silinda, akafumba macho, akasema hii inatengenezeka, hii lazima ichongwe. Pistoni mpya, ringi mpya, beringi mpya. Wakagawana: mjomba akashika injini ya kulia, mpwa ya kushoto.

Alasiri moja mpwa alipigiwa simu kwamba mwanawe ameanguka shuleni. Wakati huo alikuwa anafunga konrodi, ile mikono ya chuma inayounganisha pistoni na krenkishafti, mhimili unaozunguka chini yake. Akainuka mbio, akawa anafuta mikono huku anaelekea mlangoni.

"Mjomba, ya tatu sijaikaza," alisema. "Nati zake nimezishika kwa vidole tu."

Sikio alikuwa anapuliza vumbi kwa mpira wa upepo. Aliinua kichwa, akamwona mlangoni, midomo inacheza. Akadhani anaaga.

"Sawa, sawa," akamjibu, na kesho yake asubuhi, mpwa akiwa bado kwa daktari na mtoto, akaiinua injini ya kushoto, akaifungia bakuli la oili, kazi ikasonga. Mpwa aliporudi akaikuta imefungwa, akaamini mjomba ameikaza ile ya tatu.

Wakazining'iniza injini kwa mnyororo, wakazishusha ndani ya boti, wakazikalisha juu ya raba zake na kuzinyoosha na shafti za propela mpaka mjomba akaridhika. Kwa kuwa zilipozwa kwa maji yanayovutwa kutoka nje, hazikuwashwa hadi boti iliposhushwa gatini. Siku hiyo watu walijaa: waendesha boti wengine, abiria, wachuuzi, na wale ambao hawakosekani popote penye kitu cha kutazama.

Nahodha akawasha ya kulia. Ikaitika. Akawasha ya kushoto.

Sikio alikuwa amekaa juu ya kifuniko cha injini ile ile ya kushoto. Alihisi mtetemo ukimpanda mgongoni, akauchukulia ni wa furaha. Akasimama, akainua dole gumba kwa watu wote.

"Sikilizeni hiyo!" alipaza sauti. "Inanong'ona kama bibi harusi!"

Hakuna aliyeshangilia. Aliona nyuso zimekunjamana, wengine wameziba masikio, na mpwa wake anaruka viti kuifikia swichi. Nahodha akawahi kuzima. Injini zikazimika, na hata yeye akayasikia maneno yaliyofuata.

"Fundi," Nahodha alisema, "inagonga kama mtu anayevunja mlango. Wewe husikii?"

"Leo Sikio lipo likizo!" mtu akapiga kelele toka juu ya gati, na watu wote wakaangua kicheko.

Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini chini yake palikuwa na maji tu.

Boti ikavutwa, injini ikatolewa, ikafunguliwa karakana mbele ya Nahodha na nusu ya wale watazamaji. Konrodi ya tatu: nati moja imetoka kabisa, nyingine inaning'inia. Beringi imeungua, krenkishafti imechubuka.

"Nani alifunga hapa?" Sikio aliuliza, ingawa alijua.

"Mimi, Mjomba. Lakini nilikuambia ya tatu bado. Ukaniambia sawa."

"Hukuniambia kitu."

"Mjomba…"

"Nimesema hukuniambia! Au mimi ndiye mwongo hapa?"

Mpwa alimtazama. Kisha akavua ovaroli, akaitundika msumarini, akachukua mkoba wake na kutoka.

"Basi huyo asiiguse tena injini yangu," Nahodha alisema.

Kabla mpwa hajafika barabarani, Sikio alikwisha kumbuka: mlango, kitambaa cha kufutia mikono, ile midomo, na yeye mwenyewe anaitikia. Angeweza kumwita arudi. Aliokota spana, akajifanya ana shughuli.

Jioni alirudi nyumbani kula. Mkewe alikaa upande wake wa kulia, kama alivyokaa siku zote.

"Ulimsikia?" aliuliza.

"Nani?"

"Mpwa wako, alipokuambia."

"Ana sauti ndogo yule."

"Na mimi, ninayekuita mpaka majirani wanaitika?"

Sikio akageuza kijiko mkononi. "Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kulalamika juu ya kitasa cha mlango wa jirani. Bado kinalia, baba. Kinalia kuliko zamani."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakulindia heshima. Sasa naona heshima hiyo analipia mtoto wa dada yako."

Asubuhi alikwenda kwa mpwa wake. Mpwa alikuwa uani anafua. Alipomwona akainuka, akamwamkia, "Shikamoo, Mjomba," kama siku zote, na salamu ile ikamchoma kuliko tusi.

"Ulisema," Sikio alianza, akakohoa. "Nilikuona unasema. Sikusikia, nikaitikia."

Mpwa alikamua nguo hadi tone la mwisho. Kisha akasogea mbele yake, uso kwa uso.

"Kwamba husikii vizuri, nilijua. Nilichokuwa sijui ni kwamba utaniacha niitwe mwongo."

"Nitamwambia Nahodha."

"Pembeni, nyumbani kwake?"

Sikio akainamia beseni la nguo.

"Mimi niliaibishwa mbele za watu, Mjomba."

Krenkishafti ikapelekwa kuchongwa, beringi ikabadilishwa. Siku ya kurudisha boti majini watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, maana kicheko kilikuwa kimesambaa. Sikio alisimama juu ya gati, mpwa wake akiwa kati ya watazamaji.

"Mpwa wangu hakukosea," alisema. "Aliniambia, mimi sikusikia. Masikio yangu yameharibika siku nyingi, nikaficha. Halafu nikamwita mwongo." Hakuweza tena kuipima sauti yake, kwa hiyo aliyasema hayo kwa kishindo, na hata wauza karanga wa mwisho wa gati waligeuka.

Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nahodha alimtazama, akamgeukia mpwa. "Nisamehe, mama. Haya, nisikilizie wewe."

Injini zikawashwa. Mpwa aliinamia injini ya kushoto, akakaa hivyo muda mrefu, kisha ya kulia, kisha akainua mkono: nzima. Boti ikakata maji. Sikio aliona tu povu jeupe likifunguka nyuma yake.

Baadhi ya wateja walihama. Waliobaki wakifika sasa humuulizia "yule mama" kwanza, na yeye huenda kumwita. Mpwa alirudi kazini. Akiwa na la kusema humgusa begani, akasubiri ageuke. Lakini kwa kipindi kirefu chai yake aliinywea peke yake, kule kwenye mapipa ya oili, na Sikio hakuthubutu kumuuliza kwa nini.