Mikasi Iliyorudishwa

Jumamosi hiyo asubuhi mume wa Fundi Shoto aliingia karakana akiwa ameficha mikono nyuma, na mkewe hakuhitaji kuambiwa kwamba kuna jambo. Walikuwa wameoana miaka ishirini na sita. Bwana huyo, mpishi wa shule ya bweni, alijaliwa mambo mengi mazuri, lakini uso wa kutunza siri hakupewa.

"Umekata nini?" mkewe aliuliza.

"Sijasema kama nimekata kitu."

"Basi nionyeshe mikono."

Akaionyesha. Mkono wa kulia ulikuwa na nusu ya mkasi, na wa kushoto nusu ya pili. Msumari wa katikati, ule unaoyashika mabapa mawili pamoja, haukuonekana.

"Wavu wa banda la kuku," mume alisema polepole. "Kilikuwa kimebaki kipande kidogo tu, mke wangu. Nikaona nisikusumbue kukuomba koleo."

Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi lililochunwa, limebaki mbao na sponji, naye ana pini tatu mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye sponji, akaupokea mkasi kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto. Mume alisubiri maneno. Badala ya maneno kikaja kicheko, maana ukweli ni kwamba mkasi ule ulianza kufa zamani. Ulikuwa umekata mapezi ya samaki, mifuko ya unga, mpira wa bomba la maji, na safari moja ulitumika kupunguza nywele za mkwe wao siku ya picha. Kazi yake halisi, kukata vitambaa vya makochi, ilikuwa imebaki kama kibarua cha ziada.

"Tunakwenda dukani sote wawili," Fundi alisema akijifuta vumbi magotini. "Tutanunua miwili. Mmoja wako na jikoni kwako, mwingine wangu. Na bei iwe ya watu kama sisi. Jumatano nina viti vya kinyozi, vitano, na sina cha kukatia."

Karakana yake kwa kweli ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kile ambacho watu wengine huweka televisheni. Kazi alifundishwa na shangazi yake akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na huko ndiko alikopatia jina la Shoto, kwa sababu kila chombo alikishika kwa mkono wa kushoto: nyundo, sindano, chaki, kijiko. Nyundo haikumsumbua. Sindano haikujali mkono gani unaivuta. Mkasi ndio uliomkatalia tangu siku ya kwanza. Kitambaa kilikunjika katikati ya mabapa, mstari ulipinda, na kidole gumba kiliuma mpaka kikaota sugu ngumu kama kokwa. Shangazi yake alimpenda lakini hakuwa mtu wa kubembeleza. "Wewe kushona umejaliwa," alikuwa akimwambia, "ila kwenye kukata mkono wako mzito." Basi Fundi akalibeba neno hilo miaka arobaini. Alijizoesha kukata kidole kizima nje ya mstari, kisha kurudi kupunguza, kisha kurudi tena. Wateja walimsifu kwa kazi iliyonyooka na kumlalamikia kwa ucheleweshaji, naye aliyakubali yote mawili.

Walipotoka alichukua mfuko wake wa vipande. Humo mlikuwa na kanvasi, ngozi bandia, katoni iliyokunjwa mara mbili, na kitambaa chembamba alichokilowesha bombani kabla ya kufunga mlango.

"Hicho cha maji cha nini?" mume aliuliza njiani.

"Kanvasi kavu kila mkasi unajua kuikata siku ya kwanza. Kitambaa laini kikiwa kimelowa, hapo ndipo utaujua tabia."

Duka walilokwenda lilikuwa la vifaa vya ujenzi, kona ya barabara ya pili, na mwenye duka aliitwa Bwana Bawaba. Ungeweza kwenda kwake kununua rangi au ndoo, lakini hungetoka bila kuulizwa habari za bawaba za milango yako. Siku hiyo alikuwa anampimia fundi bomba uzi wa kufungia mabomba. Alipowaona akatabasamu.

"Karibuni. Mlango umeanza kulia?"

"Mlango mzima," Fundi alijibu. "Tumefiwa na mkasi. Tunataka miwili migumu, na tusiuze kuku ili kuilipia."

Bwana Bawaba akaanza, kama wafanyavyo wenye maduka, na ule wa bei kubwa: mkasi mweusi wa chuma kitupu, mzito kama pasi, ndani ya kasha lake. Akataja bei. Mume wa Fundi akaurudisha kwenye kasha taratibu, kwa heshima, kama mtu aliyegusa kitu cha jirani.

Wa pili ulikuwa na vishikio vya plastiki nyekundu, mabapa mafupi manene, na meno madogo kwenye ukingo mmoja ili kitu kisiteleze. Mabapa yake yalichomoka ili yaoshwe. Huo mpishi aliupenda papo hapo. Akakata katoni, akakata ngozi bandia, akakata hata ncha ya kamba ya katani iliyokuwa inaning'inia kwenye kaunta, ambayo hakuna aliyemwomba aikate.

"Huu ni wangu," alisema. "Huu na kuku wataelewana."

Fundi akaujaribu kidogo kwa mkono wake. Ulimbana kidole gumba palepale pa siku zote, na kitambaa kilicholowa ukakitafuna. Hakushangaa. "Mzuri," alisema, kwa sababu mikasi yote ilimfanyia hivyo. "Sasa nipe mkubwa zaidi, wa makochi, lakini usiwe ule wa kwanza."

Bwana Bawaba akajikuna shingo. "Mikubwa ya bei ndogo ipo. Lakini siwezi kumuuzia mtu ninayemheshimu."

"Ina nini?"

"Haikati." Akainama, akavuta boksi chini ya kaunta. "Iliingia kumi na miwili. Niliuza saba, nikarudishiwa saba. Fundi cherehani mmoja aliutupa hapa juu akaniuliza kama nimeanza kuuza wanasesere. Aliyeniletea nimempigia simu, anasema ni mizima. Nimechoka kubishana naye. Nataka kuiuza kama chuma chakavu."

Ilikuwa mikasi mizuri kuitazama: mirefu, ya chuma kinene, vishikio vya bluu, na msumari wa katikati mnene kama kifungo cha koti. Mume akaokota mmoja, akaweka kanvasi katikati, akabana. Kanvasi ikajikunja ndani na kukwama. Akabana tena hadi mishipa ya shingo ikamtoka.

"Huu haukati, unakumbatia," alisema.

Fundi akaupokea ili kutazama tu, kama fundi yeyote anavyotazama kazi mbovu ya mwenzake. Akautia mkono wa kushoto, akaiingiza kanvasi, akafunga vidole.

Kanvasi ikafunguka. Ilitoa sauti kavu, ndefu, na mkasi ukaenda mbele wenyewe mpaka mwisho wa kipande. Vipande viwili vikaanguka kwenye kaunta, kingo zake zimenyooka kama zimepigwa rula. Fundi akatoa kitambaa kilicholowa, akakipitisha. Kikakatika. Akakunja ngozi bandia mara nne. Ikakatika.

"Hebu lete," mume alisema, akaunyakua. Ukatafuna. Akaurudisha kwa mkewe. Ukakata.

"Unaubana vibaya," Bwana Bawaba alimwambia mpishi, akaujaribu mwenyewe. Ukatafuna. Fundi bomba akaweka uzi wake chini, akaomba zamu. Akavuta pumzi, akabana, akautoa mkasi na kitambaa kikiwa kinaning'inia kizima. "Mama huyu ana dawa," alisema.

Fundi hakuwa anawasikiliza. Alikuwa ameuchukua ule wa plastiki nyekundu kwa mkono mmoja na wa bluu kwa mkono mwingine, ncha zote zikitazama juu, anaufungua huu na kuufunga, anaufungua ule na kuufunga. Akafanya hivyo mara kadhaa. Kisha akaiweka chini.

"Tazameni mabapa," alisema. "Huu mwekundu, linalopita juu liko kulia. Huu wa bluu liko kushoto. Ukibana kwa mkono wa kulia unayatenganisha badala ya kuyakutanisha, kitambaa kinaingia katikati. Si mibovu. Imetengenezwa kwa watu wa mashoto."

"Kumbe imegeuzwa," Bwana Bawaba alisema.

"Hii haijageuzwa." Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Kwangu mimi, ni ile mingine yote ndiyo iliyogeuzwa."

Akakaa juu ya ndoo ya rangi iliyokuwa karibu. Alikitazama kidole gumba chake na sugu yake. Alimkumbuka shangazi yake, akawakumbuka wateja wote aliowaomba msamaha, mistari yote aliyoikata mara tatu, na jinsi alivyokuwa akijitania mwenyewe mbele za watu kuhusu mkono wake mzito kabla wao hawajasema. Hakulia. Kilichompanda kilikuwa karibu zaidi na kicheko, ila hakikujua pa kutokea.

Mume wake akainama sikioni kwake. "Usiseme zaidi," alinong'ona. "Anaiuza kama chuma chakavu. Chukua kwanza, elimu utampa kesho."

"Nimeshampa."

"Nimeona. Ndiyo maana nakuomba usiongeze."

Bwana Bawaba alikuwa amesikia yote, maana mpishi hakuwahi kujua kunong'ona. "Bei nitakayokupa ni ileile niliyokusudia kabla hujafungua mdomo," alisema. "Ungetaka kunipiga chenga ungenyamaza." Akafikiri kidogo. "Lakini niambie kitu. Watu wa mashoto ni wengi kiasi hicho, mpaka kiwanda kikae kuwatengenezea?"

"Ni wengi."

"Mbona hakuna hata mmoja aliyekuja kunirudishia mkasi wa kawaida?"

"Tutarudishaje?" Fundi alisema. "Sisi tulidhani wabovu ni sisi."

Alichukua miwili ya bluu, mmoja wa kazi na mmoja wa akiba, na mumewe akachukua wake mwekundu. Yote mitatu pamoja haikufika nusu ya bei ya ule mweusi wa kwenye kasha.

Nyumbani hakungoja chakula. Alitandaza ngozi bandia ya kinyozi mezani, akachora kwa chaki, akasimama kidogo akiwa ameshika mkasi. Mkono ulitaka kwenda kidole kizima nje ya mstari, kama ulivyozoea. Akaukataza. Akaweka bapa juu ya chaki yenyewe, na hapo akagundua jambo jingine: alikuwa anauona mstari. Miaka yote bapa la juu lilikuwa linamfunika, anakata kwa kubahatisha, na hakujua kama wengine wanaona wanachokata. Alifika kona, akageuza, akaendelea. Kidole gumba hakikusema neno.

Viti vya kinyozi vilikamilika Jumatatu jioni. Kinyozi, aliyekuwa amejiandaa kuja kugomba Alhamisi, alipopigiwa simu aliuliza mara mbili kama ni Fundi Shoto huyohuyo.

Ndani ya nyumba amani iliingia ambayo haikutarajiwa. Mume aliendelea kusahau, kwa tabia, na siku ya tatu alichukua mkasi wa bluu kufungua mfuko wa mchele. Alihangaika nao dakika nzima, akaurudisha mahali pake, akaenda kutafuta wake. Jirani mwenye desturi ya kuazima vitu kwa mwezi mzima aliuazima huo wa bluu asubuhi na kuurudisha kabla ya adhuhuri, akisema kwa huruma kwamba unahitaji kunolewa. Fundi alimshukuru kwa ushauri. Hakuona haja ya kueleza.

Bwana Bawaba naye alichukua kipande cha katoni, akaandika kwa kalamu nene: MIKASI YA WATU WA MASHOTO IPO, JARIBU KABLA YA KUNUNUA. Wiki ile ya kwanza walikuja mshona viatu, mwalimu wa darasa la kwanza, na bibi mmoja aliyekata kipande cha gazeti, akakata kingine, akaendelea kukata mpaka gazeti la siku hiyo likaisha, akaulipia mkasi, na hakununua kitu kingine. Boksi lilipokwisha, Bwana Bawaba alimpigia simu aliyemletea mzigo, akamwomba radhi, akaagiza maboksi mawili.

Mwezi uliofuata muuguzi mstaafu alimletea Fundi kitambaa cha kochi la watu watatu. Kilikuwa na maua makubwa mekundu, kila moja kama sinia, na kazi ya namna hiyo haisamehe: ua likianza kwenye mgongo lazima liendelee kwenye kikalio, bila kukatika shingo. Fundi alikuwa hapokei maua. Siku zote aliwaelekeza wateja hao kwa fundi mwenzake upande wa pili wa soko, akisema ana kazi nyingi.

"Wameniambia wewe maua huyachukui," muuguzi alisema mlangoni. "Nimekuja kukubembeleza."

Fundi alikikunjua kitambaa, akakitandaza hadi sakafuni, akalifuata ua moja kwa kidole kutoka petali hadi shina.

"Mume wangu," aliita kuelekea jikoni. "Nawa mikono uje unishikie upande ule. Na acha mkasi wako hukohuko."